JE, JICHO LAUZWA? SOMO JUU YA RUHUSA NA BEI YAKE



Katika darasa letu hapa Kakamega, tulipokuwa tukisoma mlango wa biashara, kijana mmoja aliinua mkono akatuuliza swali lililotunyamazisha kwa kitambo. Alisema: “Masheikh zangu, jicho ni langu na simu ni yangu. Mtu akinipa pesa ili alipige jicho langu picha, nami nikaridhika, kosa liko wapi? Si biashara kama biashara nyingine?” Swali hili halikuwa la mzaha, wala hatukupenda kulijibu kwa makemeo. Tumelirudia kwa majuma mawili, na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyaona. Twawaletea ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi, kwa sababu jambo lenyewe liko milangoni kwenu kama lilivyo kwetu.

Kwanza na tukieleze kisa. Tarehe 24 Julai 2023 kampuni ya Tools for Humanity, ambayo Sam Altman wa Marekani ni mmoja wa waasisi wake, ilizindua rasmi mradi ulioitwa Worldcoin. Chombo cha mviringo, king’aacho mfano wa mpira wa fedha, humtazama mtu usoni na kulipiga picha jicho lake; kisha alama za mboni hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu usiofanana na wa mtu mwingine. Wenye mradi walidai kwamba katika zama hizi za kompyuta zenye akili itahitajika njia ya kumjua nani ni mwanadamu wa kweli. Hapa Kenya aliyekubali kupigwa picha alipewa sarafu 25 za kidijitali, ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya kiasi cha shilingi 7,000. Watu wakamiminika. Katika Jumba la Mikutano la KICC, Nairobi, maelfu walipanga foleni tangu asubuhi. Tarehe 2 Agosti 2023 Serikali, kwa kauli ya Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, iliisimamisha kazi ile. Kwa hesabu zilizotolewa baadaye, Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamekwisha kutoa macho yao.

Wako waliowacheka watu wale wa foleni. Sisi hatuwacheki. Shilingi 7,000 kwa kijana asiye na kazi ni kodi ya chumba na unga wa siku kadhaa, na aliyeshiba hana haki ya kumfundisha mwenye njaa thamani ya jicho. Lakini hapo hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Wanazuoni wetu wa fiqhi hawakuishia kuuliza, “Je, muuzaji amesema ndiyo?” Waliuliza pia amesema ndiyo akiwa katika hali gani, na wakaijadili biashara ya mtu aliyebanwa na dhiki hata akauza kwa bei ya kutupa. Ridhaa ambayo Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, imeifanya kuwa sharti la kula mali ya mwenzio kwa biashara ni ridhaa ya moyo, na ulimi waweza kusema jambo ambalo moyo haukulielewa.

Tena itazameni biashara yenyewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza biashara ya gharari, yaani ile ambayo kinachouzwa hakijulikani sawasawa. Wazee wetu wa Pwani walilijua hili bila ya kitabu: mvuvi hauzi samaki aliye bado baharini. Sasa mtu wa foleni aliuza nini? Picha? Tarakimu? Ruhusa ya siku moja, au ya umri wake wote? Na mnunuzi angeweza kumpa nani baada yake? Hakuyajua. Na bei nayo ilikuwa sarafu ambayo thamani yake hupanda na kushuka kila saa. Aliyeipokea asubuhi kwa hesabu moja aliiona jioni ina hesabu nyingine. Anayeuza mbuzi akajuta aweza kununua mbuzi mwingine. Mwenye kuitoa alama ya jicho lake hapati jicho jingine sokoni. Neno la siri likiibwa hubadilishwa, lakini mboni ni ile ile mpaka kaburini.

Kuna hadithi iliyopokewa na Sahl bin Saad, nayo imo katika Bukhari, ambayo twaiona kama kwamba ilisemwa kwa ajili ya siku hizi. Mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa nyumba ya Mtume, naye Mtume ana kitana mkononi akijichania kichwa. Alipomjua alikasirika, akamfahamisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya macho. Yaani aliyekwisha kuchungulia amekwisha kuingia, ingawa miguu yake bado iko nje. Na katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Basi kuomba idhini ni adabu ya dini yetu kabla ya kuwa sheria ya serikali yoyote.

Nanyi watu wa miji ya kale mna haya gani kwa kusahau! Nyumba ya Mswahili ilijengwa kwa daraja: daka ni la mpita njia, sebule ni ya mgeni, na ndani ni kwa wenyewe tu. Mwenye kupita barabarani haoni uani. Watu hao hao leo, mtoto akiombwa jina la babake, namba ya kitambulisho na picha ya sebuleni ili apewe zawadi ya intaneti ya siku moja, humwambia, “Toa tu, ni bure.”

Kuhusu neno hili “bure”, na tuwape habari ya hapa tulipo. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, na wachimbaji wa Kizungu wakafurika. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya hifadhi ikichukuliwa, wenyewe watapewa ardhi nyingine badala yake, na baraza lao la wilaya litashauriwa. Ahadi hiyo haikutimiza miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa: fidia ya fedha ikawa yatosha, na kushauriana na baraza kukaondolewa. Fedha zilihesabiwa, na pengine mtu alizipokea kwa mikono miwili, lakini aliyezipokea hakuwa ameulizwa. Na kabla ya hapo, tangu baada ya Vita Kuu ya kwanza, wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kuweka alama za vidole katika kipande na kukichukua kila waendako, wengi wakikitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kwa kipande hakuna aliyelipwa hata senti. Kijana wetu alisema kwa upesi, “Basi siku hizi kuna nafuu, maana twalipwa!” Darasa likacheka, nasi tukacheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha.

Sheria ya nchi yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini iwe ya hiari, ya jambo lililotajwa waziwazi, na mwenyewe awe amefahamishwa. Na mwenye kuikusanya ndiye atakiwaye kuthibitisha kuwa aliipata. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Taasisi ya Katiba na wenzake, mbele ya Jaji Roselyne Aburili, ilihukumu kwamba alama za Wakenya katika mradi ule zilikusanywa kinyume cha sheria: madhara hayakupimwa kwanza kama itakiwavyo, na idhini ilipatikana kwa kuvutwa watu na ahadi ya sarafu. Kampuni ikaamrishwa izifute katika muda wa siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Twaona hukumu hii imekaribiana sana na maneno ya mafakihi, ingawa jaji alihukumu kwa Katiba.

Limebaki jambo moja, nalo kwa maoni yetu ni zito kuliko jicho. Kijana alisema simu ni yake. Kweli, chombo ni chake. Lakini ndani ya simu mna namba ya mama mkwe wake, ya mwalimu wake, ya jirani aliye mgonjwa na hataki ijulikane. Programu za mikopo ya haraka huomba kufunguliwa orodha hiyo, na mtu hubonyeza “kubali” ili apate shilingi 500. Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia namba za watu wengine kuwatumia vitisho kwa ajili ya deni. Wale walioogofywa hawakukopa chochote. Na Mtume alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho.

Tulipofika hapo kijana alinyamaza, kisha akauliza: “Na niliyekwisha kubonyeza?” Tukamwambia: ana haki kwa sheria kuuliza wana nini chake, kudai kifutwe kilichowekwa bila haki, na wakikataa, kumshitakia Kamishna, ambaye hupokea malalamiko pasina malipo. Na wale ambao namba zao aliziachilia, awaendee awaambie, maana ile ni haki ya waja, na haki ya waja haifutwi kwa istighfari peke yake. Alituomba tumwandikie barua ya madai, na tumeiandika. Nakala yake imebaki kwa katibu wa darasa. Atakaye na aje Alhamisi baada ya sala ya Magharibi.