SOMO LA WIKI: Kaunti mbili, kodi mbili, duka lako liko upande gani?

Magharibi ya jiji la Chicago, katika jimbo la Illinois, uko mji mdogo uitwao Hinsdale. Mpaka wa kaunti umeukata mji huo: sehemu kubwa imo kaunti ya DuPage, na kipande cha mashariki kimo kaunti ya Cook. Halmashauri ya mji ni moja. Lakini mfanyabiashara anayenunua duka upande wa Cook anaweza kulipa kodi ya jengo zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa upande wa pili, hata kama maduka yao yana bei moja.

Wasomaji kadhaa wa ukurasa huu wana jamaa huko, na wapo wanaofikiria kununua. Kwa hiyo wiki hii tuangalie hesabu yenyewe.

Serikali ya jimbo la Illinois haitozi kodi ya majengo kwa ajili yake. Fedha hizo ni za shule, miji, zimamoto, maktaba na kaunti zenyewe. Jimbo lina kaunti 102, na sheria inataka jengo litozwe kodi kwa theluthi moja ya bei yake ya soko. Cook peke yake ndiyo inayopanga majengo kwa madaraja: nyumba ya kuishi huhesabiwa kwa asilimia 10 ya bei, na jengo la biashara kwa asilimia 25. Kisha jimbo huipa kila kaunti kizidishi cha kulinganisha hesabu. Cha Cook miaka ya karibuni kimekuwa karibu na 3. Cha DuPage huwa 1 au karibu yake.

Chukua duka la dola 300,000, na tuseme kiwango cha kodi ni dola 8 kwa kila 100 pande zote mbili. Upande wa DuPage, theluthi ya bei ni 100,000, kodi ni dola 8,000. Upande wa Cook, asilimia 25 ni 75,000. Zidisha kwa 3 upate 225,000. Kodi ni dola 18,000. Tofauti ya dola 10,000 kila mwaka inatosha kulipa sehemu nzuri ya mshahara wa muuzaji.

Sasa badala ya duka weka nyumba ya bei hiyo hiyo, mwenyewe akiishi ndani. Cook watapata 90,000, wapunguze 10,000 za msamaha wa mkazi, zibaki 80,000. Kodi dola 6,400. DuPage watapata 100,000, wapunguze 8,000. Kodi dola 7,360. Mambo yamegeuka! Ndiyo maana anayekuambia "Cook ni ghali" au "Cook ni nafuu" bila kuuliza unanunua nini, hajakusaidia kitu.

Katika madaraja ya Cook kuna nafasi ambayo mwekezaji mdogo asiipite. Jengo lenye duka chini na vyumba vya kupangisha juu, likiwa na sehemu zisizozidi sita na ukubwa chini ya futi za mraba 20,000, huwekwa daraja la nyumba, yaani asilimia 10. Duka lile lile likisimama peke yake ni asilimia 25.

Hata hivyo kiwango nacho hakifanani. Halmashauri na shule hutaja fedha wanazohitaji, kisha fedha hizo hugawanywa kwa thamani ya majengo yote ya eneo. Palipo na maghala, ofisi na maduka makubwa, mzigo huwa na mabega mengi. Katika vitongoji vya kusini vya Cook, viwanda vilikofungwa na maduka kuhama, wabebaji wamebaki wachache, na kiwango katika baadhi ya maeneo kimepita dola 20 kwa kila 100. Nyumba huko ni rahisi kununua. Dalali hukuonyesha bei. Kodi utaionja mwenyewe baadaye.

Muuzaji akikupa hati yake ya kodi, usiichukue kama ilivyo. Huenda ni mzee mwenye misamaha miwili au mitatu inayoondoka pamoja naye, na ukinunua ili upangishe, hata ule wa mkazi huupati. Rudia hesabu bila misamaha, kisha gawa kodi kwa bei unayolipa wewe. Asilimia hiyo ndiyo ya kulinganisha kati ya kaunti na kaunti.

La mwisho ni kalenda. Illinois hulipa kodi ya mwaka uliopita. Kaunti nyingi hudai kwa awamu mbili, karibu na Juni na Septemba. Cook hudai kwanza asilimia 55 ya jumla ya mwaka uliotangulia, kisha salio, na salio hilo limewahi kuchelewa: la kodi ya 2021 lilipaswa kulipwa tarehe 30 Desemba 2022. Aliyenunua katikati ya mwaka huo alipokea deni la siku ambazo nyumba haikuwa yake. Mwanasheria wako akate kiasi hicho kutoka kwenye bei siku ya kukabidhiana, kabla muuzaji hajaondoka na fedha.