Kuomba Skolashipu ya Uchunguzi Japani

Ndugu wanafunzi, nanyi mliokwisha kutoka shuleni, wengi hudhani kwamba Serikali ya Japani huwachagua watu kwa alama za mtihani tu. Sivyo. Tangu mwaka 1954 imekuwa ikitoa skolashipu kwa wageni. Mwenye digrii ya kwanza, asiyefikisha miaka 35, anaweza kuomba kwa ubalozi wa Japani katika nchi yake. Karatasi ni nyingi, lakini hizo zataka subira tu. Kazi hasa ni kueleza uchunguzi utakaoufanya.

Hapo ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Niliandika kwamba nataka kuchunguza kilimo cha Afrika. Sikuitwa hata kuulizwa maswali. Nikampelekea mwalimu wangu wa zamani nakala. Akaisoma, akaniuliza, "Utaanzia shamba la nani?" Sikuwa na jibu.

Mwaka wa pili niliandika juu ya michirizi kahawia, ugonjwa uozeshao mihogo ardhini, pengine majani yangali mazuri, mwenye shamba asijue mpaka siku ya kung'oa. Nilieleza kwamba huenezwa na inzi weupe na vipando vyenye ugonjwa. Kisha nikataja nitakachopima, na muda wake. Safari hii niliitwa.

Ukishinda ubalozini, mwandikie upesi profesa wa huko akubali kukupokea, maana siku ni chache. Tena ukifika kama mwanafunzi wa uchunguzi, hujaingia bado katika masomo ya digrii: uko mtihani mwingine wa chuo chenyewe.