Wawili, begi la mgongoni na basi la Mwanza

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunaishi Nkwenda, Kyerwa. Tunataka kutembelea miji ya ziwani, Bukoba na Mwanza, kwa basi. Tujipangeje?

JIBU: Msiunganishe safari yote siku moja. Pandeni gari la asubuhi hadi Omurushaka, halafu mtafute la Bukoba linalopita Kyaka. Laleni Bukoba, jioni mtembee ufukweni. Mkifika msimu wa senene, mwezi wa Novemba, nunueni waliokaangwa wakakauka, maana hao ndio wanaovumilia safari.

Basi la Mwanza hupita Muleba na Geita. Ombeni viti vya dirishani: Kigongo–Busisi mtavuka Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla yake magari yalisubiri kivuko, na foleni iliweza kula saa kadhaa.

Nauli zina viwango vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa hiyo daini tiketi yenye bei halisi na msilipe kwa mpiga debe. Pesa mgawane, kila mmoja abaki na nauli ya kurudia. Kitambulisho, simu na dawa visiingie kwenye buti. Basi likisimama, mmoja ashuke, mwingine alinde viti na mabegi.

Kabla hamjaondoka, kubalianeni bajeti ya siku na nani ana neno la mwisho mkichoka. Urafiki mwingi huvunjikia stendi, si barabarani. Kurudi si lazima kwa basi: ulizieni bandarini Mwanza ratiba ya MV Victoria, meli ya kwenda Bukoba.