Upimaji wa Sahihi za Kale katika Somo la Historia

Mwanachuo wa historia anapopewa hati yenye sahihi ya mtu mashuhuri wa zamani, jicho lake hukimbilia sahihi hiyo. Huilinganisha na nyingine iliyochapishwa kitabuni, akaona zinashabihiana, akahukumu kwamba hati ni ya kweli. Njia hii ina kasoro kubwa, na katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuirekebisha kwa zana chache.

Tuanze na kalamu. Kila mwanachuo atie sahihi yake mara kumi katika karatasi isiyo na mistari, kisha jirani yake ajaribu kuiiga. Wakizitazama kwa kioo cha kukuzia, wataona kwamba sahihi kumi za mkono mmoja hazilingani kabisa. Kwa hiyo sahihi mbili zinazolala sawasawa moja juu ya nyingine zatia shaka, kwani huenda moja imefuatishwa. Wataona pia kwamba mwigaji huchora, haandiki: mstari wake hutetemeka, na kalamu huinuliwa mahali ambapo mwenyewe hupita bila kusita. Hata hivyo mwalimu asiliache jambo hili ligeuke kanuni, maana mkono wa mzee au mgonjwa nao hutetemeka.

Baada ya zoezi hilo mwalimu aulize: sahihi tunayolinganishia tumeipata wapi? Mfano ulio bora kuliko yote tuijuayo ni wa Ujerumani Magharibi. Tarehe 25 Aprili 1983 gazeti la Stern lilitangaza kwamba limepata shajara za Adolf Hitler, yapata madaftari 60. Wataalamu wa miandiko walikuwa wamelinganisha kurasa walizopewa na vielelezo vya mwandiko wake, wakasema mkono ni mmoja. Mkono ulikuwa mmoja kweli, ila ulikuwa wa Konrad Kujau, mwuzaji wa vitu vya kale. Miongoni mwa vielelezo hivyo zilikuwamo hati alizozighushi yeye mwenyewe.

Tarehe 6 Mei mwaka huo huo hifadhi ya nyaraka ya taifa ya nchi hiyo ilitangaza kuwa shajara ni za bandia, wala haikutegemea umbo la herufi. Karatasi ilikuwa na kemikali ya kuongeza weupe iliyoanza kutumiwa baada ya vita, na Hitler alikufa mwaka 1945. Tena, baadhi ya maneno yalinakiliwa katika kitabu cha hotuba zake kilichotolewa baadaye, pamoja na makosa ya kitabu hicho. Ilidaiwa kwamba madaftari yaliokolewa katika ndege iliyoanguka karibu na Dresden mwezi Aprili 1945. Ndege ilianguka kweli. Lakini nani aliyachukua, na yalikaa kwa nani miaka yote hiyo? Swali hilo lingaliulizwa kwa ukali mapema, fedha nyingi zingaliokolewa. Mwaka 1985 Kujau alifungwa.

Darasa likisikia kisa hiki huelekea kwenye kosa la pili, nalo ni kukataa kila hati yenye karatasi au wino wa ajabu. Hapo mwalimu alete habari za David Livingstone. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, katika nchi ambayo sasa ni Kongo, aliishiwa na karatasi na wino. Aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, kwa wino wa maji ya mbegu za mmea wa huko. Wino ukafifia hata maandishi yakawa karibu hayasomeki, mpaka picha zilizopigwa kwa mianga ya rangi mbalimbali, zilizotolewa mwaka 2011, zilipoyafichua. Humo mna habari za mauaji ya tarehe 15 Julai 1871 katika soko la Nyangwe, ambamo wengi waliokufa walikuwa wanawake. Mwanachuo atakayeitupa hati hiyo kwa sababu ya wino wake atakuwa amemtupa shahidi wa watu hao.

Katika kusahihisha zoezi, tunapendekeza jibu la "haiwezi kuamuliwa" lipewe alama zote, mradi mwanachuo ataje ni ushahidi gani unaokosekana na ungetafutwa wapi. Jibu la "ni ya kweli" lililosimama juu ya mfanano wa herufi peke yake lisipewe zaidi ya nusu.