Somo: Wimbo Kando ya Dawa

Soma: 1 Samweli 16:14-23

Daudi alimpigia Sauli kinubi, naye Sauli akatulia. Hata leo muziki unawasaidia wagonjwa.

Kule kwetu Bukavu iko Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Akina mama wengi waliofanyiwa ukatili wakati wa vita walitibiwa pale. Lakini mwili unaweza kupona, moyo ukabaki na kidonda. Ndiyo maana mwaka 2015 ilianzishwa huduma ya muziki: wagonjwa wakakaa pamoja na mshauri wa kisaikolojia na mtaalamu wa muziki, wakatunga nyimbo zao, wakazirekodi.

Tunajifunza nini?

1. Wimbo ulifuatana na matibabu, haukushika nafasi yake. Mwenye dawa aendelee kuzimeza.

2. Wimbo ulikuwa wa mgonjwa mwenyewe. Aliyenyang'anywa vyote alipata tena kitu cha kuchagua.

3. Yasiyosemeka katika mazungumzo huweza kuimbika. Wengi wetu tumebeba mambo ya njiani ambayo hata jirani hayajui.

Kazi ya juma hili: tunapowatembelea wagonjwa, tuombe kwanza ruhusa ya muuguzi. Tumwulize mgonjwa anapenda wimbo gani. Akitaka kutunga wake, hata wa maombolezo, tumwitikie kwa sauti ya chini. Asiyetaka kuimba wala kusimulia, tusimlazimishe. Tukae naye kimya. Hiyo nayo ni huduma.