USALAMA NYUMBANI: Jua halina sumu, batri inayo

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, somo letu la leo ni juu ya umeme wa jua. Siku hizi vibao vya jua vinaonekana juu ya nyumba nyingi, mjini na kijijini. Ni jambo jema. Taa ya petroli inatoa moshi na inaweza kuchoma nyumba. Taa ya jua haitoi moshi, na mtoto anasoma masomo yake usiku bila kuumia macho. Lakini tuangalie pia kile kilicho chini, ndani ya nyumba: batri.

1. Batri ni kitu gani?

Kibao kinageuza mwangaza kuwa umeme. Jua likishuka, kibao kinalala. Ndiyo maana umeme wa mchana unawekwa akiba ndani ya batri. Batri ya nyumba nyingi ni ya aina ile ya motokari, iliyovumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake muna mabamba ya risasi, madini ambayo wengi wanayaita plombo, pamoja na asidi kali. Zaidi ya nusu ya uzito wa batri hiyo ni risasi.

2. Yaliyotokea Senegal

Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na mji wa Dakar, watu walikuwa wakivunja batri nzee ili kuuza risasi. Baadaye wakachimba hata udongo uliojaa risasi, wakautia katika magunia na kuuchekecha nyumbani, palepale watoto walipocheza. Kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa mwaka 2008, watoto 18 walikufa. Wazazi wao walikuwa wakitafuta chakula tu, kama sisi sote. Hawakujua kwamba vumbi lile ni sumu.

3. Sumu inaingia namna gani?

Risasi haina harufu. Inaingia mwilini kwa vumbi linalovutwa na kwa mikono inayopelekwa mdomoni. Mtoto mdogo anatambaa chini na kulamba vidole. Tena mwili wake unapokea risasi mara 4 au 5 kupita mwili wa mtu mzima. Risasi inaharibu ubongo, na kilichoharibika hakirudi. Dalili ni tumbo kuuma, kukosa hamu ya kula, kupungukiwa damu. Ikizidi, degedege na kifo. Lakini mara nyingi mwanzoni hakuna dalili. Mtoto anabaki nyuma shuleni tu, na mzazi anasema ni uvivu.

Baba pia anaweza kuleta sumu nyumbani kwa nguo zake, hata kama batri inavunjwa mbali.

4. Ufundi mpya

Kuna habari njema. Mwaka 1997 John Goodenough na wenzake, kule Texas, Marekani, walitangaza aina mpya ya kiini cha batri ya litiamu, kilichotengenezwa kwa chuma na fosfati. Batri hiyo haina risasi wala kobalti. Inavumilia joto kuliko batri nyingine za litiamu, na inadumu miaka mingi kupita ile ya risasi. Mwaka 2021 kampani ya CATL ya Uchina ilitangaza batri ya sodiamu, madini yanayopatikana katika chumvi. Na shaba, ambayo mikono yetu inaitoa ardhini, bado inahitajiwa katika nyaya za umeme huo wote.

Batri ya litiamu ni ya bei kali wakati wa kununua, lakini haibadilishwi mara kwa mara. Nayo ina masharti yake: usiitoboe, usiipige, usiijaze kwa chombo kisicho chake. Ikivimba, usiitumie tena, iondoe nyumbani.

5. Sheria za nyumba

– Batri ya risasi iwekwe mahali penye hewa, mbali na kitanda, mbabula na sigara. Inapojazwa inatoa hewa inayoweza kulipuka.
– Vua pete na saa kabla ya kushika nyaya zake. Usiweke kitu cha chuma juu yake.
– Asidi ikigusa ngozi au jicho, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha kimbilia kwa munganga.
– Batri ikifa, usiivunje, usimwage asidi yake, usiyeyushe risasi uani wala katika sufuria. Irudishe nzima kwa muuzaji au kwa mnunuzi anayeipokea nzima.
– Anayefanya kazi ya batri aoge na kubadili nguo kabla ya kushika mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.
– Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Maswali ya kujikumbusha

1. Kwa nini mtoto anaumizwa na risasi kuliko mtu mzima?
2. Batri ya nyumbani kwako ni ya aina gani, na imewekwa wapi?
3. Itakapokufa, utaipeleka wapi?

Pesa ya risasi ya batri moja inakwisha kwa siku moja. Akili ya mtoto ni ya maisha yote. USALAMA UANZE NYUMBANI!