Mlango Mpya wa Moyo

Wenzangu kadhaa wameniuliza nimevaa saa gani inayosikika wakati wa kimya cha masomo ya usiku. Sina saa. Sauti ile yatoka kifuani mwangu, na kwa kuwa maswali yamekuwa mengi, naona afadhali niyajibu kwa pamoja, nanyi wakubwa zetu mliokwisha kuondoka shuleni msome pia.

Moyo una milango minne, ambayo waganga huiita vali. Kazi yake ni kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Mtoto akiumwa koo kwa vijidudu viitwavyo streptokoki, asitibiwe, huenda majuma machache baadaye akashikwa na homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba, kisha hupona; lakini mlango wa moyo waweza kubaki na makovu. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ingeweza kuyazuia hayo. Mimi nilipewa maji ya chumvi. Nilipofika miaka 14 sikuweza kupanda kilima cha kanisani bila kuketi mara tatu.

Zamani Wanyarwanda wengi wenye ugonjwa huu walipelekwa ng'ambo. Watoto wanane walikwenda mpaka Khartoum, Sudan, katika kituo cha Salam kilichofunguliwa mwaka 2007, na filamu ya safari yao, Open Heart, iliingia katika mashindano ya Oscar mwaka 2013. Kuanzia 2008 madaktari wa Team Heart wa Marekani walikuja kupasua mioyo katika Hospitali ya King Faisal, hapa Kigali. Mimi nilipasuliwa hapo hapo, nikiwa na miaka 16.

Mlango wangu ni wa kaboni ngumu. Ipo pia ya nyama ya nguruwe au ng'ombe, lakini kwa vijana huchakaa upesi. Huu wangu hauchakai, ila damu hupenda kuganda juu yake, na donge likienda kwenye ubongo mtu hupooza. Ndiyo maana kila jioni nameza warfarini, na damu yangu hupimwa: kipimo kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, damu huganda, kikizidi, huvuja. Isombe na dodo huipunguza dawa nguvu. Sikukatazwa kuzila, bali nile kiasi kile kile kila juma. Nikitaka kung'oa jino, humwambia daktari kwanza. Na dada mwenye mlango kama wangu asishike mimba kabla ya kuonana naye, maana dawa hii yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Muhula wangu wa kwanza hapa nilivificha vidonge sandukuni kwa aibu ya bwenini, nikaacha kumeza siku nne. Kipimo kikashuka hadi 1.4. Daktari hakunigombeza. Alinipeleka wodini kwa kijana mmoja ambaye mkono wake wa kulia haukuwa ukifanya kazi, akasema, "Naye ana mlango kama wako." Tangu siku hiyo vidonge vyangu vinakaa juu ya meza, mbele ya wote.

Leo kilima cha kanisani nakipanda nikiimba. Bustani nalima. Mpira tu ndio nilioambiwa niache, kwa sababu ya kugongana, basi nimekuwa mwamuzi. Nakimbia uwanja mzima, na mpaka sasa hakuna aliyethubutu kunikumba.